VUMBI LILILOLITANGULIA JUA



Historia tuliyozoea kuisoma ni ya watu: falme, vita, misafara, miji iliyosimama kisha ikaanguka. Makala haya nayo ni ya historia, ila shahidi wake mkuu si mtu wala si kitabu. Ni chembe ya vumbi. Chembe yenyewe ni ndogo mno, kiasi kwamba ukizipanga kumi za kawaida kwa foleni bado hazifiki upana wa unywele wako mmoja.

Na umri wake je? Jua letu hili lina takriban miaka bilioni 4.6, na ardhi tunayoikanyaga iko karibu na hapo hapo. Chembe hii ilikuwepo kabla. Ilizaliwa kando ya nyota nyingine kabisa, nyota ambayo imeshakufa zamani. Ikasafiri angani, ikanaswa ndani ya jiwe, na jiwe likaja kuanguka kijijini mchana kweupe watu wakiona. Leo iko maabarani, imebandikwa juu ya kijikaratasi cha dhahabu, na mtu anaitizama kwa hadubini.

Pengine utauliza, "Haya, na hao wamejuaje?" Swali zuri, na ndilo swali la makala haya. Kusema kwamba kitu fulani ni cha kale si kazi, yeyote aweza kusema. Kazi ni kuthibitisha. Uthibitisho wa jambo hili ulichukua miaka 23, tangu 1964 hadi 1987, na katikati yake yuko mtu aliyeshika dhana isiyo sahihi kwa zaidi ya miaka kumi, akaitetea mbele ya wenzake, kisha akaivunja kwa mkono wake mwenyewe. Lau hakuivunja, huenda chembe hizi zingechelewa sana kupatikana. Basi tufuatane polepole.

SI KILA JIWE LA ANGANI

Tuanze na mawe yenyewe. Kimondo kinachofika ardhini ni jiwe au chuma kilichotoka anga za mbali kikapita hewani bila ya kuungua kikaisha. Sisi Afrika Mashariki tunavyo. Wenzetu wa Tanzania wana kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Hapa Kenya, asubuhi ya tarehe 16 Julai 2011, mawe yalianguka vijijini upande wa Thika, na yakaingia katika orodha ya vimondo vya dunia kwa jina hilo hilo la Thika.

Lakini usiende Mbozi wala Thika kulitafuta vumbi letu. Hulipati. Chuma cha Mbozi kiliyeyuka kikawa kama uji huko kilikotoka, ndani ya tumbo la asteroidi, na kilichokuwemo kikayeyuka nacho. Jiwe la Thika halikuyeyuka, ila lilipikwa. Wataalamu huyapanga mawe ya aina yake kwa daraja za joto, na la Thika liko daraja la 6, yaani lilikaa kwenye moto wa mamia ya digrii kwa muda mrefu sana. Chembe za kale haziwezi kustahimili kukaa hivyo.

Linalotakikana ni jiwe bichi. Jiwe ambalo tangu lishikamane, miaka bilioni nne na nusu iliyopita, halikupikwa sawasawa. Mawe ya namna hiyo ni machache, mengi yao ni meusi kwa sababu ya kaboni iliyomo, na ukiyashika huvunjika kwa urahisi. Mwaka 1969 ulileta mawili makubwa. Tarehe 8 Februari lilianguka la Allende, kaskazini mwa Mexico, likatawanya karibu tani mbili za mawe. Tarehe 28 Septemba, siku ya Jumapili asubuhi, likaanguka la Murchison, kaskazini mwa mji wa Melbourne, Australia, na zaidi ya kilo 100 zikaokotwa. Tazama mwaka ulivyoangukia: ndio mwaka ule ule ambao chombo cha Apollo 11 kilileta mawe kutoka mwezini. Maabara zilikuwa zimejiandaa kwa mashine mpya na mikono iliyofunzwa. Mawe ya mwezi yalikuwa njiani, na haya mengine yakaja bila ya kualikwa.

UJI WA SUFURIA MOJA

Sasa turudi nyuma kidogo tuone watu walikuwa wakiamini nini.

Mwaka 1957 wanasayansi wanne, Margaret Burbidge, mumewe Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle, walichapisha kazi ndefu iliyoeleza kwamba karibu vitu vyote vizito kuliko gesi mbili nyepesi kabisa, haidrojeni na heli, vimepikwa ndani ya nyota. Kaboni iliyo mwilini mwako, chuma kilicho damuni mwako, oksijeni unayovuta, vyote vilipitia tumboni mwa nyota zilizokuwepo kabla ya Jua. Nyota zikazeeka, zikamwaga vitu vyake angani, na kutokana na mawingu ya vitu hivyo likazaliwa Jua na ardhi na sisi.

Kama ni hivyo, swali linalofuata ni jepesi: je, kuna chochote kilichobaki cha nyota zile, kizima, kama kilivyotoka? Jibu la wengi lilikuwa, hapana. Waliamini kwamba wingu lililozaa Jua lilikuwa na moto mkali, vumbi lote likageuka mvuke, mvuke ukachanganyika, kisha ukapoa ukawa mawe mapya. Chukua mfano wa uji. Ukishatia unga wa wimbi na wa mtama sufuriani, ukakoroga, ukachemka, huwezi tena kunyosha kidole ukasema, "huu hapa ni wimbi na ule pale ni mtama." Umekuwa uji.

Tena walikuwa na ushahidi, si maneno matupu. Ushahidi wenyewe ni isotopu. Wewe uliyesoma sayansi shule ya upili utakumbuka kwamba atomu za kitu kimoja hazilingani zote uzito. Kaboni iko ya 12 na iko ya 13. Ni ndugu wa nyumba moja: tabia zao karibu ni sawa, uzito tu ndio mbali mbali. Hapa ardhini, kwa kila atomu moja ya kaboni 13 kuna karibu 89 za kaboni 12. Hesabu hii huipati mbali na hapo, upime majani, upime mawe, upime makaa. Walipopima vimondo wakakuta hesabu zinakaribiana na zetu. Kwa hiyo wakasema uji ulikorogwa ukakorogeka. Mambo yakawa yameisha.

GESI ILIYOKATAA KUCHANGANYIKA

Huko Berkeley, California, kulikuwa na mwanafizikia aitwaye John Reynolds, fundi wa kupima gesi chache sana kwa mashine ya kioo aliyoibuni mwenyewe. Mwaka 1964 yeye na mwenzake Grenville Turner walichukua kipande cha kimondo cha Renazzo, kilichoanguka Italia mwaka 1824. Wakakipasha moto kidogo kidogo, hatua kwa hatua, na kila hatua wakikusanya gesi inayotoka na kuipima. Gesi waliyoifuatilia ni zenoni. Ina ndugu tisa, na hesabu za ndugu hao zinajulikana. Katika joto fulani ikatoka zenoni yenye hesabu ya ajabu, ndugu wazito wakiwa wengi kuliko kawaida.

Kwa nini gesi kama hizi ndizo zilizotoa siri? Kwa sababu ni gesi za upweke. Haziungani na kitu chochote, kwa hivyo mawe yana chache mno. Ukitia punje ya chumvi baharini hakuna atakayeonja, lakini itie kwenye kijiko cha maji uone. Zenoni ya ardhini na ya Jua ilikuwa kidogo sana ndani ya jiwe, kwa hiyo ile ngeni ikaonekana.

Mwaka 1969 David Black na Robert Pepin, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wakapata jambo kama hilo hilo kwenye gesi ya neoni. Hewani tunamoishi, neoni 20 ni karibu mara kumi ya neoni 22. Wao wakakuta, katika joto kubwa, neoni ambamo ile 22 imezidi kwa kiasi kisichoelezeka. Black akafika mahali pa kusema, mwaka 1972, kwamba neoni hii huenda ilikuja imefungwa ndani ya chembe kutoka nje kabisa ya mfumo wa Jua letu.

Wengi hawakuitilia maanani. Ni gesi kidogo, ni hesabu ya mashine, nani ataubomoa msikiti kwa sababu ya tofali moja lililokaa upande? Wala hakuna aliyekuwa ameiona hiyo chembe inayosemwa.

MTU NA DHANA YAKE

Hapa ndipo anapoingia Edward Anders. Alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Liepāja, Latvia, katika familia ya Kiyahudi. Vita Kuu ya Pili ilipofika kwao baba yake aliuawa pamoja na jamaa zake wengi. Yeye na mama yake wakanusurika. Mwaka 1949 alihamia Marekani, akasomea kemia, na hatimaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Anders aliitizama ile zenoni ngeni ya Reynolds akaja na dhana yake. Elementi nzito inayopatikana kwa wingi ardhini ni urani, namba 92. Atomu za urani mara nyingine hupasuka vipande viwili, na katika vipande hivyo hutoka zenoni nzito. Basi Anders akasema: huenda zamani za kuzaliwa Jua kulikuwa na elementi nzito zaidi, ya namba zinazopita 110, ambayo leo haiko tena, ikapasuka yote ndani ya vimondo na kuacha zenoni hii kama jivu. Fikiria ukubwa wa jambo hili! Elementi ambayo hakuna binadamu aliyeiona, na alama yake imo kwenye jiwe. Kama ni kweli, jina lake lingeandikwa katika kila kitabu cha kemia. Mwaka 1975 yeye na wenzake wakaitangaza hoja hiyo wakitumia kimondo cha Allende.

Ili kuithibitisha, ilibidi wajue gesi hiyo imekaa wapi hasa ndani ya jiwe. Anders, pamoja na Roy Lewis na B. Srinivasan, wakachukua kipande cha Allende wakakitia kwenye asidi kali, ile ya hidrofloriki inayokula hata kioo, na ile ya hidrokloriki. Karibu jiwe lote likayeyuka. Kilichobaki ni unga mweusi usiofika hata asilimia 0.5 ya jiwe. Wakaupima. Gesi karibu yote ilikuwa mle mle! Jiwe zima lilikuwa ganda tu.

Watu wa kazi hii wanapenda kuifananisha na kutafuta sindano kwa kulichoma moto rundo zima la nyasi kavu. Wengine hupekua nyasi unyasi mmoja mmoja. Wao wakaamua kuzichoma zote, kwa kuwa sindano haitaungua.

Lakini dhana ilikuwa na kasoro, na wakosoaji hawakunyamaza. Zenoni ile ngeni haikuzidi upande mmoja tu. Ndugu wazito walizidi, na ndugu wepesi nao walizidi, na kila zilipotengwa zilikuja pamoja kama pacha. Kupasuka kwa atomu kunaweza kuleta wale wazito, ila wale wepesi hakuwezi. Basi wametoka wapi?

Anders angeweza kuendelea kubishana, jina analo na chuo anacho. Badala yake akatafuta kipimo ambacho kingeweza kumshinda. Atomu nzito ikipasuka haitoi zenoni peke yake, hutoa pia majirani zake, na mmojawapo ni bari. Bari si gesi, haiendi popote, kwa hiyo kama elementi ile ilikuwepo basi bari yake lazima iwe imo kwenye ule ule unga mweusi. Wakaitafuta. Haikuwepo. Mwaka 1983 ikachapishwa ripoti inayosema kwamba bari ya Allende ni ushahidi dhidi ya ile elementi nzito, na miongoni mwa majina ya waliotia saini ni Edward Anders mwenyewe. Alikuwa anakaribia miaka 60.

Ndugu msomaji, usilipite jambo hili haraka. Dhana ilikufa, lakini njia iliyojengwa kwa ajili yake haikufa. Asidi zile, ule utaratibu wa kuyeyusha na kupima, kuyeyusha na kupima, ulikuwa tayari. Na swali sasa likabaki moja tu, tupu, bila ya kupendelea upande: gesi hii imebebwa na nini?

MWAKA 1987

Wakaendelea kumenya. Kila hatua walitia dawa kali zaidi kuunguza kaboni ya kawaida, kisha wakauliza: gesi bado ipo? Ikiwa ipo wanasonga mbele. Gesi ikawa kama alama za nyayo. Mwenyewe huonekani lakini nyayo zako zinafuatwa.

Machi 1987, Roy Lewis, Ming Tang, Anders na wenzao wakatangaza kwamba kilichobeba zenoni ile ni almasi. Naam, almasi, ila usiharakishe kwenda sokoni: ni ndogo hivi kwamba moja ina atomu elfu moja au mbili za kaboni tu.

Desemba ya mwaka huo huo ikaja nyingine. Katika kimondo cha Murray, kilichoanguka Kentucky mwaka 1950, ikapatikana kabaidi ya silikoni. Hii unaijua hata kama hulijui jina lake. Ile karatasi nyeusi ya msasa ambayo mafundi wa gari husugulia wakiimwagia maji, ukali wake unatokana na kitu hicho hicho. Lakini ya msasa hutengenezwa kiwandani. Hii ya Murray ilitengenezwa na nani?

Waliojibu swali hilo walikuwa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis. Huko alikuwepo Ernst Zinner, mzaliwa wa Austria, mtaalamu wa mashine inayorusha mwali mwembamba wa ioni juu ya chembe. Mwali ukigonga, atomu za juu ya chembe huruka, na mashine inazipima uzito wake moja moja. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuiuliza chembe moja, peke yake, "Hesabu yako ya kaboni ni ngapi?" Majibu yalikuja ya kushangaza. Sisi ni 89. Chembe nyingi zilijibu 50 au 60. Nyingine zilijibu chini ya 10. Na wameshapata zinazopita 1000. Hakuna kitu chochote ardhini kinachojibu hivyo. Uji ulikuwa na punje nzima ndani yake ambazo hazikupata kusagwa.

Mwaka 1990 Sachiko Amari, Anders, Zinner na mwenzao wakaongeza ya tatu: grafiti, kaboni ile ile ya ncha ya penseli. Ndiyo iliyokuwa imebeba sehemu ya neoni ya Black na Pepin. Sehemu nyingine ilikuwa kwenye kabaidi ya silikoni. Black alikuwa amesema kweli miaka kumi na minane kabla.

KILA CHEMBE NA NYOTA YAKE

Sasa zinasimulia nini? Kila chembe ni kama cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa kwa lugha ya isotopu.

Chembe nyingi za kabaidi ya silikoni, karibu tisa katika kila kumi, zilitoka kwa nyota zilizozeeka zikavimba zikawa majitu mekundu. Nyota ya namna hiyo kaboni inapozidi oksijeni hutoa moshi kama koroboi, na ndani ya moshi huo hushikamana chembe ngumu. Wingu lililozaa Jua letu lilikuwa na oksijeni nyingi kuliko kaboni, kwa hiyo huku kwetu kabaidi kama hii si rahisi kujitengeneza. Hata kuwepo kwake tu ni dalili kwamba ni mgeni.

Karibu moja katika kila mia inatoka mahali pa kutisha zaidi: nyota kubwa iliyolipuka. Ushahidi wake ulichapishwa mwaka 1996. Mlipuko kama huo hutengeneza titani 44, ambayo haidumu. Nusu yake huisha kwa takriban miaka 60, ikageuka kalsiamu 44. Ndani ya baadhi ya chembe walikuta kalsiamu 44 nyingi kupita kiasi. Maana yake ni kwamba chembe ilishikamana mapema, titani ingali hai, wakati vumbi la mlipuko bado linapoa. Ni kama kukuta jivu lenye joto ukajua moto ulikuwa hapa sasa hivi, ila "sasa hivi" yenyewe ni mabilioni ya miaka nyuma.

Na umri? Januari 2020 Philipp Heck na wenzake wa Chicago walichapisha matokeo ya chembe 40 kubwa kubwa za Murchison. Angani kuna miale inayopenya chembe na kuzalisha ndani yake neoni 21. Kadiri chembe inavyokaa angani ndivyo neoni hiyo inavyoongezeka, kama vumbi juu ya kabati lisilofutwa. Wakakuta nyingi zilikuwa na umri usiozidi miaka milioni 300 zaidi ya Jua. Lakini chache zilikuwa za kale zaidi, na kongwe yao ililitangulia Jua kwa takriban miaka bilioni 3. Ukijumlisha, umri wake unafika miaka bilioni 7. Ndicho kitu kigumu cha kale kuliko vyote vilivyopimwa umri hapa ardhini kufikia wakati huo.

SINDANO ZILIZOUNGUA

Usidhani habari imekamilika. Ile njia ya kuchoma nyasi ina hasara yake. Asidi huyeyusha mawe ya kawaida, na vumbi jingi la nyota ni la aina hiyo hiyo ya mawe ya kawaida, silikoni na oksijeni. Kwa hivyo miaka yote ile walipokuwa wakisherehekea sindano zilizobaki, sindano nyingine nyingi zilikuwa zikiyeyuka pamoja na nyasi! Ilibidi ije mashine mpya yenye mwali mwembamba zaidi, inayoweza kupekua jiwe bila ya kulitia asidi. Mwaka 2004 Ann Nguyen na Zinner wakatangaza kuzipata ndani ya kimondo cha Acfer 094, kilichookotwa jangwani Algeria mwaka 1990.

Almasi nazo, zilizokuwa za kwanza kupatikana, zimeleta utata. Kwa kuwa ni ndogo mno, haziwezi kupimwa moja moja. Hupimwa kwa mafungu, na fungu zima hujibu hesabu ya kaboni inayokaribiana na ya Jua. Zenoni ngeni imo, hilo halina ubishi. Ila huenda ni almasi chache tu ndizo za nyota nyingine, na zilizobaki ni za huku huku kwetu. Mjadala unaendelea.

Kisha kuna jambo zito kuliko yote. Mwali wa ioni huila chembe. Kila unapoiuliza swali, sehemu yake huruka na haitarudi. Chembe iliyokaa miaka bilioni 7, ikaponea miale, ikaponea moto wa kuzaliwa Jua, ikaponea kuanguka ardhini, inaweza kwisha kwenye meza ya maabara mchana mmoja. Hupati ya pili kama yake. Kwa hiyo kila anayeipima huwa anachagua: swali hili nililo nalo leo, linastahili?

Ndiyo maana nataka tumalizie na watu waliojizuia. Zile chembe 40 zilizotoa umri mwaka 2020 hazikutengwa mwaka huo. Zilitengwa huko huko Chicago karibu miaka 30 nyuma, wakati wa Anders, zikabaki zimehifadhiwa mpaka zikaja mashine zinazoweza kuziuliza umri wake. Anders alistaafu mwaka 1991. Zinner alifariki mwaka 2015. Kazi waliyoiacha ikawafaa waliokuja nyuma yao.

Na desturi hiyo imeendelea. Desemba 2020 Wajapani walileta takriban gramu 5 za udongo wa asteroidi Ryugu. Tarehe 24 Septemba 2023 Wamarekani wakaleta gramu 121.6 za asteroidi Bennu. Kote kuwili vumbi la nyota limepatikana, safari hii bila ya kungojea jiwe lianguke. Katika zile gramu za Bennu, angalau asilimia 70 imeamuliwa isiguswe. Imewekewa watu wa baadaye, wenye mashine ambazo bado hazijaundwa na maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Huenda baadhi ya watu hao leo wako darasa la nne, Lamu au Garissa au Kisumu. Mwenye mdogo wake nyumbani anayeuliza maswali mengi mpaka anachosha, tafadhali asimnyamazishe.